Vidole Viwili Chini ya Mkanda

Katika kibanda chetu cha ushonaji hakuna kitambaa kinachokatwa na mtu mmoja. Mama akishapiga chaki hushika mkasi, lakini hautii kitambaani. Kwanza anauliza, "Nikate?" Mimi naacha cherehani, nainuka, natazama mistari, pale ninapotilia shaka napima upya kwa futikamba, ndipo namjibu, "Kata." Hata kiwe kiraka cha goti la suruali, utaratibu ni huo huo. Wateja wapya hudhani tunawachezea maigizo. Wa zamani wamezoea, na wapo wenye kiherehere wanaojibu wao, ila jibu lao halihesabiwi.

Kazi hiyo ya kujibu niliianza nikiwa na miaka tisa, wakati sijui hata tofauti ya kola na kafu. Sasa nina thelathini na saba. Wateja wanamwita mama Bi Mkasi, na mimi wananiita Fundi Mdogo, ingawa mvi zimeshaanza kunichungulia na miwani ya kutunga uzi siku hizi tunaihitaji wote wawili, mimi na yeye.

Tumbo lilianza kunisumbua miaka mitatu iliyopita. Maumivu upande wa kulia, chini, nusu saa baada ya kula, kisha mbio za chooni. Nilitibiwa minyoo mara tatu, amiba mara nne, na homa ya matumbo kila mvua iliponyesha. Jirani mmoja aliniambia ni kijicho, nikamuuliza nani wa kumwonea kijicho mtu anayeshinda chooni, akanuna. Kutoka kwenye cherehani yangu hadi choo cha nyuma ni hatua kumi na moja. Siku mbaya nilizipiga sita. Kuna mwalimu mkuu mmoja nilimwacha katikati ya kibanda, mikono juu, futikamba imemzunguka kifua, na niliporudi baada ya dakika kumi na mbili alikuwa bado amesimama vile vile. Hakuuliza kitu. Suti yake ilimkaa vizuri.

Mama naye hakuuliza kitu. Mama si mtu wa kuuliza hali, ni mtu wa kupima. Kila mwanzo wa mwezi alinipitishia futikamba kiunoni bila salamu, akaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wangu. Inchi thelathini na moja. Thelathini. Ishirini na nane na nusu. Siku mbili baadaye sketi zangu zinatoweka sandukuni, zinarudi zimepunguzwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa. Nilipofika ishirini na tano aliandika, akafunga daftari, akatoka nje kwenda kupepeta vumbi la zulia ambalo nilikuwa nimelipepeta asubuhi ile ile.

Hospitali kubwa ndiyo iliyonieleza ugonjwa wangu. Waliingiza kamera mahali ambapo sikujua kamera huingia, kisha wakaniketisha mbele ya daktari wa upasuaji, mwanamume mfupi, mpole, mwenye kucha fupi safi. Wasukumaji vitanda wa pale wanamwita Matundu, na yeye anajua na haimuudhi. Aliniambia sina minyoo, sina amiba, na pengine sijawahi kuwa navyo. Kinga ya mwili wangu, badala ya kupigana na wageni, ilikuwa inapigana na utumbo wangu wenyewe. Unavimba, unapona, unavimba tena, na kila ukipona unaacha kovu. Pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana, njia ilikuwa imebana kiasi kwamba kalamu haipiti.

Nilipewa dawa mwaka mzima. Uvimbe ulipungua, kovu halikutikisika. Daktari akasema sasa ni kukata kile kipande, urefu wa shubiri moja, na kuunganisha ncha mbili.

"Nitaingia kwa matundu manne madogo," alisema. "Moja kitovuni la kamera, matatu ya vyombo. Tunajaza tumbo hewa ili tupate nafasi, tunafanya kazi tukitazama kwenye skrini. La kitovuni nitalipanua kidogo mwishoni, urefu wa kidole, nitolee kipande."

Wengi wakiambiwa hivyo hudhani wanadanganywa. Mimi nilielewa mara moja, maana koti lolote lenye bitana linamalizwa hivyo hivyo. Unashona nje na ndani yakiwa yamepinduliwa, unaacha upenyo mdogo kwenye bitana ya mkono, kisha unalivuta koti zima, mabega, kola na yote, kupitia upenyo ule, linatoka limegeuka sawa. Anayelivaa hajui hata mlango ulikuwa wapi. Nilimweleza daktari, akafurahi sana.

"Ndiyo hivyo," alisema, "ila koti haliamki likalalamika."

Kisha akaniambia mengine mawili ambayo hayakunifurahisha. La kwanza, akikuta ndani hali ni mbaya kuliko picha, hataunganisha siku hiyo. Atautoa utumbo nje kidogo kwenye ngozi ya tumbo, nitavaa mfuko wa kupokea choo, miezi kadhaa, pengine zaidi. La pili, nisichelewe. Njia ikiziba kabisa au utumbo ukitoboka, nitaletwa mbio mbio, na hapo hakuna habari ya matundu.

"Hapo nitakufungua kuanzia hapa hadi hapa," alisema, akachora hewani kwa kidole, kutoka chini ya kifua hadi chini ya kitovu.

Mstari huo nilikuwa naujua. Baba alikuwa nao.

Baba alikuwa fundi wa saa. Alipasuliwa nikiwa na miaka tisa, kwa tumbo ambalo hakuna aliyelitaja jina. Alikuwa hajitambui, ikabidi karatasi ya idhini apewe mama. Daktari wa wakati huo alikuwa na haraka, akamuuliza mama wakate au wasikate. Mama akasema kata. Baba alirudi nyumbani na mshono mrefu, akakaa nao wiki tano, mshono ukafumuka, akafariki. Mama alilizungumzia jambo hilo mara moja tu, siku moja tukiwa tunashona, bila kuinua macho. Alisema hatua za mshono ule zilikuwa ndefu na hazilingani, na kwamba yeye asingeushona hivyo hata mdomo wa gunia.

Basi nilimweleza mama yote, matundu, hewa, skrini, mfuko, nikamalizia na mfano wangu wa koti niliojivunia sana. Alisikiliza huku anapiga pasi.

"Koti halina damu," alisema.

Siku ya kulazwa ilipofika nilifunga begi, nikavaa, nikasimama mlangoni mwa kibanda. Mama alikuwa anapanga vifungo kwa rangi. Nikamwambia, "Mama, naenda. Sema basi."

"Niseme nini?"

"Unajua."

Alikiangalia kifungo kimoja, akakihamisha kutoka kwa vyeusi kwenda kwa vya bluu iliyokoza. "Chai yako inapoa," alisema.

Nikaketi, nikanywa chai, nikafungua begi. Najua ni upuuzi. Mtu mzima mwenye miwani anaacha kwenda kutibiwa kwa sababu mama yake hakutamka neno moja. Daktari alinipigia simu, nikamwambia nina udhuru wa kifamilia. Usiku wala mchana sikuwa na amani, na ndipo nilipoanza kukumbuka na kuhesabu. Miaka ishirini na minane tumekata nguo pamoja. Akikata yeye, anauliza, mimi najibu kata. Nikikata mimi, nauliza, na yeye husema haya. Au husema si umeona mwenyewe. Au hukohoa. Neno lenyewe, tangu baba afariki, sijawahi kulisikia kinywani mwake. Alilitoa kwake akanipa mimi, mtoto wa miaka tisa, nimbebee, na mimi nikalibeba nikidhani ni mchezo.

Nilikasirika. Kisha nikamhurumia, kisha nikakasirika tena, na katikati ya kukasirika utumbo ukaziba. Nilitapika siku mbili. Uliachia wenyewe siku ya tatu, kwa dripu. Matundu alisimama kando ya kitanda changu, mpole kama kawaida, akasema, "Tarehe ya pili naipanga wiki ijayo. Ukiikosa hiyo, safari itakayofuata sitakuwa na chaguo." Hakuchora hewani, na sikuhitaji achore.

Tarehe ya pili niliondoka nyumbani bila kumuuliza mama, naye hakusema. Niliiona mikono yake tu, inakunja futikamba, inaikunjua, inaikunja.

Alasiri ile wodini alikuja nesi wa mifuko. Ndiyo kazi yake, kuwafundisha watu kuishi na mifuko tumboni, na kabla ya upasuaji kuchagua mahali. Alikuwa mrefu, mchapakazi, ana kalamu nene shingoni kwa kamba. Alinilaza, akanikalisha, akaniinamisha, akachora duara dogo upande wa kulia wa kitovu. "Ni tahadhari tu, dada," alisema. "Wengi hawauhitaji." Akaenda. Nililitazama lile duara. Kwetu, kilichopigwa chaki tunakikata. Sijawahi kuona chaki ya tahadhari.

Kisha nikaanza kunywa dawa ya kusafisha tumbo, lita tatu, ladha ya maji ya sabuni yenye adabu. Sitaeleza yaliyofuata. Mpaka saa ya kutazama wagonjwa inafika nilikuwa nimeishiwa nguvu, nikalala fofofo watu wakiingia na vikapu vyao. Usingizini nilisikia futikamba inanizunguka kiuno. Sikuamka. Futikamba ya mama imenizunguka maisha yangu yote, ningeamka kwa lipi?

Asubuhi nesi wa mifuko alifunua shuka aangalie alama yake, akainamia tumbo langu. Nikainua kichwa. Duara lake lilikuwa limekatizwa na mistari miwili mifupi. Chini yake, upana wa vidole vinne hivi, kulikuwa na pembetatu ndogo ya wino wa bluu, imechorwa kwa uangalifu mkubwa, na kimshale pembeni.

"Nani amechora hapa?" aliuliza.

Sikuhitaji kuuliza. Mistari miwili mifupi kibandani kwetu maana yake usifuate huu. Pembetatu maana yake fuata huu. Mwandiko wa mama naujua hata ukiwa kwenye ngozi yangu.

Nesi akamwita Matundu, na Matundu akaja na kofia ya kijani tayari kichwani. Aliangalia tumbo langu muda mrefu. "Mgonjwa mwenye alama mbili haingii thieta," alisema. "Ndiyo kanuni yetu. Nikilazimika kuutoa utumbo nje nitautoa wapi? Hii mistari miwili mtu mwingine ataielewa vipi?" Akatazama saa ya ukutani. Kulikuwa na mgonjwa mwingine anasubiri, wa nyongo, alama yake moja, safi. Kama hatungelimaliza jambo hili ndani ya robo saa, wa nyongo angeingia na mimi ningerudi kwenye foleni, na foleni ilikuwa ya wiki sita. Utumbo wangu haukuwa na wiki sita. Nilijua, na daktari alijua.

"Mama yangu," nilisema. "Atakuwa hapo nje. Mwiteni."

Alikuwa hapo nje kweli, kwenye benchi la korido, tangu mlinzi alipofungua geti. Aliingia ameushika mkoba wake kwa mikono miwili, akasimama kwenye miguu ya kitanda. Hakunitazama mimi. Alilitazama tumbo.

"Mama, ni wewe uliyechora?" nesi aliuliza.

"Ni mimi. Ya kwanza ilikosewa."

"Ilikosewa vipi? Mimi nafanya kazi hii miaka kumi na moja."

"Mmeiweka kwenye mkanda wa sketi," mama alisema. "Mfuko ukikaa pale, mkanda utausugua asubuhi hadi jioni. Akiushusha mkanda, sketi itaanguka. Huyu ni mtu wa kuketi kwenye cherehani kutwa nzima."

"Nilimlaza, nikamkalisha, nikamwinamisha."

"Akiwa amevaa nini?"

"Gauni la hospitali."

"Gauni la hospitali lina kiuno?"

Matundu alikuwa anakuna kidevu juu ya barakoa.

"Tena amekonda," mama aliendelea. "Kiuno chake si pale mnapopaona. Mwaka juzi alifunga mkanda hapa. Mwaka jana hapa. Sasa hapa." Alikuwa ananigusa kwa ncha ya kidole, mahali baada ya mahali, na kidole kilikuwa cha baridi. "Ninavyo vipimo vyote. Daftari liko nyumbani."

"Sawa," nesi alisema. Naye alikuwa fundi, nikaona, maana hakununa, alisogea karibu. "Lakini na wewe, mama, ulipima amelala."

"Alikuwa amelala."

"Mkalishe basi, uone."

Nikaketi. Ngozi ya tumbo ikajikunja, na ile pembetatu nzuri ya mama ikamezwa kwenye mkunjo, haionekani hata kimshale.

"Mfuko hapa hautashika," nesi alisema. "Utaachia. Utavuja. Na mwenyewe hatauona akitaka kuubadilisha."

Mama aliinama, akautazama ule mkunjo kutoka kulia, akautazama kutoka kushoto. "Kweli," alisema. Neno hilo kwa fundi mwenziwe sikuwahi kumsikia akilitamka. Kuna mafundi wa mtaa wetu wamelisubiri hadi wakastaafu.

Basi wakaanza upya. Nilivalishwa sketi yangu juu ya gauni la hospitali, nikafungwa mkanda, nikaambiwa simama, keti, inama, kohoa, geuka. Mama akatoa futikamba mkobani. Nesi akashika ncha moja, mama ncha nyingine, wakapima kutoka kitovuni, wakapima kutoka mfupa wa nyonga, wakabishana kwa nusu inchi, wakapima tena. Waligeuka watu wawili wanaofanya kazi na mimi nikageuka kitambaa. Mwisho vidole vyao vilikutana mahali pamoja, vidole viwili chini ya mkanda.

Nesi alifuta alama zote mbili kwa spiriti. Akashika kalamu yake, akaiweka karibu na ngozi, hakugusa. "Hapa, mama?" aliuliza. "Niweke?"

Mama alishusha miwani, akapima mara nyingine peke yake, kitovuni, nyongani. Mama wa kitanda cha pili, aliyekuwa akilalamikia uji tangu alfajiri, aliinua shingo atazame. Matundu alitazama saa ya ukutani, kisha akaacha kuitazama.

"Kata," mama alisema.

Nesi akamwangalia. "Mimi sikati, mama. Mimi nachora tu."

"Basi mwambie anayekata."

"Nimesikia," alisema Matundu kutoka nyuma yao.

Nililia. Nililia kwa sauti, nimesimama katikati ya wodi na sketi juu ya gauni, pua inachuruzika, wala sikuona haya. Mama alinipangusa kwa kitambaa alichofungia chaki, akaniacha na mstari mweupe shavuni, akaniambia niache kutikisa tumbo mtu anachora.

Kwenye chumba cha upasuaji kulikuwa na baridi na taa nyingi. Kabla ya daktari wa usingizi kunifunika uso, Matundu alisimama akasoma kwa sauti: mimi ni nani, ninafanyiwa nini, upande gani, alama iko wapi. Kisha akawauliza wote mmoja mmoja kama wanakubali. Wakajibu mmoja mmoja. Nilifurahi kukuta kwamba na wao hawakati peke yao. Nilitaka kuwaambia hivyo lakini ulimi ulikuwa umeshanizidi uzito.

Nilipozinduka mkono ulikwenda kulia, chini ya kitovu, kabla hata macho hayajafunguka. Plasta. Chini kidogo, ngozi. Nikapapasa tena, taratibu, kama mtu anayetafuta pini kwenye pindo. Ngozi tupu. Tumbo liliuma kiasi, bega la kulia ndilo lililoniuma kweli, na hakuna aliyeligusa. Baadaye waliniambia ni ile hewa waliyojazia, mabaki yake hupanda juu. Wanapasua tumbo, linalia bega.

Mama alikuwa ameketi kando ya kitanda.

"Hawakuitumia," alisema.

"Nini?"

"Alama. Ameunganisha moja kwa moja. Anasema ndani kulikuwa safi kuliko alivyodhani." Alinyoosha shuka ambalo lilikuwa limenyooka. "Na tulivyohangaika kupapata mahali pazuri vile." Alisema hivyo kwa masikitiko ya fundi, lakini mdomo ulikuwa unamcheza, akaugeuza uso dirishani mpaka utulie.

Siku mbili zilizofuata kila daktari aliyepita aliniuliza kama nimetoa upepo. Ndiyo dalili kwamba utumbo umeamka. Miaka mitatu nimeishi kwa kuomba utumbo wangu unyamaze, sasa watu wenye shahada walikuwa wanausubiri useme. Uliposema, ilikuwa mchana, mama akiwapo, na aliitangazia wodi nzima. Yule mama wa uji alipiga makofi.

Siku ya tatu walibadilisha plasta. Mama aliomba abaki. Nesi alizibandua moja baada ya nyingine, na mama akashusha miwani akasogeza uso karibu kabisa, akahesabu akigusa hewani kwa kidole. Kitovuni mishono minne. Kwenye yale matundu matatu, mmoja mmoja.

"Saba," alisema. Akahesabu tena. "Hatua fupi. Zinalingana." Akavua miwani. "Ya baba yako ilikuwa ishirini na sita. Nilikuwa naihesabu kila siku nikimwosha. Nilidhani nikiihesabu haitafumuka."

Ndipo alipolia, mama yangu, ambaye sijawahi kumwona akilia, hata msibani. Alilia bila sauti, mikono juu ya mkoba. Nikamshika kiwiko. Nesi aliendelea kubandika plasta mpya polepole zaidi kuliko ilivyohitajika.

Niliruhusiwa siku ya tano, na onyo la kutoinua kitu kizito wiki sita. Mama alikuja na sketi ya kijivu niliyokuwa siijui, mpya, ya kwangu. Alinisaidia kuivaa, akapiga magoti kunifungia vifungo vya pembeni. Upande wa kulia, chini ya mkanda, palikuwa na kijimfuko kidogo cha kushonea juu, kisichotosha hata simu. Nikaingiza kidole. Nyuma ya kile kijimfuko kitambaa kilikuwa kimetobolewa, duara, na ukingo wake umezungushiwa utepe, kazi safi. Tundu lilikuwa chini mno. Lilikuwa pale pale pa ile pembetatu yake iliyokosewa.

Nikaelewa. Ilikuwa sketi ya kuvalia mfuko wa choo. Jioni ile aliyonipima usingizini alirudi kibandani akaikata, kabla hakujakucha hospitali, kabla ya nesi, kabla ya kubishana. Kisha, ilipokuwa haihitajiki tena, akaliziba tundu kwa kile kijimfuko.

"Mama," nilisema, "hili tundu ulilikata peke yako?"

"Ulikuwa hospitali."

"Nani alikujibu?"

Aliendelea na vifungo. Kimoja, cha pili. "Niliuliza kama kawaida," alisema. "Nikangoja. Nikaona kimya. Nikajijibu mwenyewe."

Nilitia mkono ndani ya kijimfuko. Kulikuwa na kipande cha chaki.

"Geuka," alisema, "nione nyuma imekaaje."